Bunduki ya Askari Mbele ya Sheria ya Mungu na Sheria ya Serikali



Hapa kwetu Nyasura, katika mji wa Bunda, vijana wa darsa la baada ya sala ya Isha hutuletea maswali ya kila namna: ya twahara, ya ndoa, ya mirathi na ya biashara. Lakini lipo swali moja ambalo siku hizi limezidi kuulizwa, tena huulizwa kwa sauti ya chini: askari polisi anapompiga mtu risasi akafa, damu hiyo iko juu ya nani? Sheria imempa ruhusa, au amejipa mwenyewe?

Swali hili halikuzuka bure. Mkoa wetu wa Mara umekwisha kuona maiti za risasi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, yalitokea maandamano na ghasia katika miji kadha wa kadha ya Tanzania, watu wakauawa, hata mwezi wa Novemba ikaundwa tume ya kuchunguza mambo hayo, mwenyekiti wake akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kijana akiuliza jambo kama hili akanyamaziwa, atakwenda kulitafutia jibu kwa mtu mwenye hasira. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza kwa utulivu, kwanza kwa upande wa dini, kisha kwa upande wa sheria ya nchi, kisha kwa yale yaliyotukia kweli.

UZITO WA DAMU

Hakuna Muislamu asiyejua kwamba Mwenyezi Mungu ameifanya nafsi kuwa tukufu. Katika sura ya Al-Maida, aya ya 32, tumefundishwa kwamba mwenye kuua nafsi moja pasipo haki ni kana kwamba amewaua watu wote, na mwenye kuihuisha nafsi moja ni kana kwamba amewahuisha watu wote. Na katika sura ya Bani Israil, aya ya 33, tumekatazwa kuua ila kwa haki, na jamaa wa aliyedhulumiwa akapewa mamlaka ya kudai, lakini naye akakatazwa kupita mpaka. Tazameni, ndugu zetu, jinsi mizani hii ilivyowekwa: muuaji amefungwa, na mwenye kulipiza pia amefungwa.

Tena twajua habari ya Usama bin Zayd (R.A.), kijana aliyependwa sana na Mtume. Alikuwa vitani, akamwahi adui, na upanga ulipokuwa juu ya kichwa chake yule mtu akatamka shahada. Usama akamwua, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alimlaumu lawama kali, akamwuliza kama alikuwa ameupasua moyo wa yule mtu akaona kilichomo. Akalirudia neno lake mara nyingi, hata Usama akatamani lau angalisilimu siku ile ile. Ikiwa sahaba mpendwa, vitani, mbele ya adui mwenye silaha, hakupewa udhuru wa kusema, «Nilidhani,» je, ni udhuru gani atakaopewa mtu ampigaye risasi jirani yake barabarani kwa dhana tu?

KUZUIA SHARI KWA DARAJA

Wengine husema kwamba dini imehimiza upole tu, na kwamba mwenye kulinda amani hawezi kufanya kazi kwa upole. Maneno haya si kweli. Dini yetu inaijua haki ya kujilinda, na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameiandikia mlango mzima. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameieleza katika kitabu chake cha Minhaj, nacho ni kitabu kinachosomeshwa katika pwani yetu tangu zamani. Mafundisho yake kwa ufupi ni haya: mwenye kushambuliwa katika nafsi yake, au mali yake, au heshima ya nyumba yake, ana haki ya kumzuia mshambulizi, lakini amzuie kwa jambo jepesi kwanza, kisha lililo zito kidogo, daraja kwa daraja. Likitosha neno au ukelele wa kuomba msaada, haramu kupiga. Ukitosha mkono, haramu fimbo. Ikitosha jeraha, haramu kuua. Na likiwezekana la kukimbia na kuokoka, basi ndilo la kufanya.

Hii ndiyo kanuni kubwa, nasi twataka kila kijana aishike, kwani tutaona punde kwamba misingi ya leo ya mataifa imefikia pale pale. Risasi ni daraja ya mwisho kabisa ya ngazi. Mwenye kuanza na daraja ya mwisho hakupanda ngazi, ameruka.

Hata kwa waasi walioshika silaha juu ya utawala wa haki, Sayyidna Ali (R.A.) aliamrisha katika vita vya Jamal kwamba akimbiaye asifuatwe na majeruhi asimalizwe. Basi ikiwa mwasi wa upanga hafuatwi akikimbia, vipi mtu anayekimbia mikono mitupu?

SHERIA YA NCHI YASEMAJE?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 14, imempa kila mtu haki ya kuishi, na haki ya maisha yake kuhifadhiwa na jamii kwa mujibu wa sheria. Haikusema «kila mtu mwema», wala «kila mtu asiyetuhumiwa». Na ibara ya 13 inakataza mshitakiwa kufanywa kama mkosa kabla hatia yake haijathibitishwa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imefafanua zaidi. Askari anapomkamata mtu haruhusiwi kutumia nguvu kupita kiasi kinachohitajiwa kwa kumkamata au kumzuia asitoroke, wala kumvunjia heshima pasipo haja. Wala haruhusiwi kufanya tendo linaloelekea kumwua yule anayekamatwa, ila akiwa ana sababu za maana za kuamini kwamba tendo hilo ni la lazima kwa kuokoa maisha au kuzuia mtu asidhurike vibaya. Na Kanuni ya Adhabu inaiagiza mahakama, inapopima kama nguvu iliyotumika ilikuwa ya kiasi, itazame uzito wa kosa alilotuhumiwa nalo yule mtu na hali ya mambo ilivyokuwa. Maana yake, mwizi wa kuku na mvamizi mwenye bunduki si sawa mbele ya sheria.

Kwa upande wa ghasia, Kanuni ya Adhabu imeweka utaratibu wa kuwatangazia watu watawanyike, na kuwapa muda wa kutawanyika. Wakikataa, ndipo nguvu hutumika, nayo ni ile ya lazima tu. Lakini hapa patakiwa tahadhari. Sheria hiyo hiyo yampa askari kinga kubwa akisababisha madhara au kifo katika kutawanya ghasia kwa nguvu ya kiasi. Na sheria ya Jeshi la Polisi, iliyorithiwa tangu zama za ukoloni, yamruhusu kutumia bunduki juu ya mahabusi wa kosa kubwa anayetoroka, akiwa hana njia nyingine ya kumzuia na amekwisha kumwonya. Haya ni mabaki ya fikira ya zamani, nayo yafaa ijulikane asili yake.

Katika Uingereza ya kale, makosa makubwa karibu yote yalikuwa na hukumu ya kifo. Kwa hivyo wakasema: mkosa anayekimbia, akiuawa njiani, hakupunjwa kitu, kwani angenyongwa vile vile. Fikira hiyo ikasafiri pamoja na sheria za Kiingereza mpaka Marekani na mpaka makoloni ya Afrika. Lakini leo mwizi hanyongwi, na fikira ile imebaki kama kamba ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Wamarekani wenyewe waliitambua kasoro hii. Mwaka 1974, katika mji wa Memphis, kijana wa miaka 15 aliyekuwa ameiba kikoba na dola 10 alipigwa risasi ya kichwa akipanda ua kukimbia, na askari aliyempiga alikuwa karibu na hakika kwamba hana silaha. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile ikaamua mwaka 1985 kwamba sheria inayoruhusu kumwua kila mkosa anayekimbia, pasipo hatari kwa watu, ni kinyume cha katiba yao.

Mataifa ya ulimwengu nayo yalikutana Havana, katika nchi ya Cuba, mwaka 1990, wakaafikiana juu ya misingi ya matumizi ya nguvu na silaha kwa walinzi wa sheria. Walisema bunduki isitumike juu ya watu ila kwa kujilinda au kulinda wengine na hatari ya kifo au jeraha kubwa iliyo karibu. Kuua kwa kukusudia kusiwe ila pasipo budi kabisa katika kuokoa maisha. Askari ajitambulishe na aonye kwanza. Aliyejeruhiwa apatiwe tabibu upesi, na jamaa zake wapashwe habari. Wakasema pia kwamba msukosuko wa siasa si udhuru wa kuiacha misingi hiyo. Msomaji na alinganishe maneno haya na ile ngazi ya Imamu Nawawi, aliyeandika zaidi ya miaka 700 kabla yake, naye atajua kwamba haki ni moja.

YALIYOTUKIA

Sheria nzuri katika karatasi ni kama ndoo nzuri kisimani isiyo na kamba. Tutaje mambo matatu yaliyotukia, ili tujue kamba imekatikia wapi.

La kwanza ni la mkoa wetu. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, upo mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002. Wenyeji, ambao wengi wao walikuwa wachimbaji wadogo kabla kampuni haijaja, wamekuwa wakiingia katika machungu ya mawe ya mgodi kuokota yenye dhahabu. Kwa miaka mingi polisi wameulinda mgodi huo kwa mapatano na kampuni, na kampuni ikigharimia posho na mahitaji yao. Tarehe 16 Mei 2011 watu wengi waliingia, polisi wakapiga risasi, na watu wasiopungua watano wakafa katika siku moja. Mwaka 2013 baadhi ya majeruhi na jamaa za marehemu wa matukio ya mgodini hapo walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London juu ya kampuni, na mwaka 2015 kesi zikamalizwa kwa maelewano nje ya mahakama, pasipo jaji kutamka ni nani mwenye makosa. Kamati iliyoundwa na Serikali mwaka 2016 ilipokea taarifa za watu 65 waliouawa na 270 waliojeruhiwa na polisi mgodini kwa miaka iliyopita.

Kuingia katika mali ya mwenzio na kuchukua kisicho chako ni kosa, nasi hatuwaambii vijana wetu vinginevyo. Lakini ni katika kitabu gani, cha dini au cha dunia, adhabu ya kuokota jiwe imekuwa mauti? Na jaji gani aliketi, shahidi gani akaapa? Tena hapa pana funzo jingine: mwenye mali anapomlipa posho mwenye bunduki ya umma, yafaa watu waulize kwa makini bunduki hiyo inamlinda nani.

La pili ni la Dar es Salaam. Mwezi wa Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva mmoja wa teksi waliuawa. Polisi wakatangaza kwamba walikuwa majambazi waliofyatuliana risasi na askari, na wengi walioisikia habari hiyo wakashukuru. Jamaa za marehemu hawakukubali. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na tume ikaona kwamba hawakuwa majambazi, wala hapakuwa na mapambano ya risasi. Walichukuliwa hai wakauawa katika msitu wa Pande. Maofisa na askari kadha wakashitakiwa kwa mauaji, pamoja na aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, Abdallah Zombe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia wote, na jaji akasema wauaji wenyewe hawakuletwa mbele yake. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kuachiwa kwa Zombe, lakini ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kunyongwa. Miaka 10 ilipita baina ya risasi na hukumu hiyo. Lau jamaa wangenyamaza, watu wanne wale wangezikwa na jina la ujambazi hata leo.

La tatu ni la Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi alizungukwa na askari katika shughuli ya chama cha siasa, akapigwa kwa karibu kombora la bunduki ya mabomu ya machozi, akafa papo hapo. Kilichokusudiwa kuwatoa watu machozi kiliutoa mwili roho. Picha zilizopigwa wakati ule zikawa ushahidi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Tungeweza kutaja mengine: Mwembechai, Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1998, Pemba na Unguja, Januari 2001, walipouawa watu zaidi ya 30, na mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyepigwa na risasi akiwa ameketi ndani ya daladala, Kinondoni, tarehe 16 Februari 2018. Lakini haya matatu yatosha kutuonyesha jambo moja. Palipokuwa na mashahidi waliosimama, na jamaa waliodai, na mahakama iliyopewa nafasi, haki ilitembea, ingawa kwa kuchechemea. Pasipokuwa na hayo, haikuondoka mahali pake.

Tena tuangalie, ndugu zetu, tusiwe wenye kuhesabu maiti za Waislamu tu. Wengi katika waliotajwa hapa hawakuwa wa dini yetu. Tukumbuke sababu ya kushuka aya za sura ya An-Nisaa, kuanzia ya 105. Mtu mmoja wa Madina aliyejiita Muislamu aliiba deraya, akaisingizia kwa Myahudi, na jamaa zake wakaja kumtetea kwa Mtume. Qurani ikashuka ikamtoa hatiani yule Myahudi. Haki ya mtuhumiwa ilishushiwa wahyi kutoka mbinguni, na mtuhumiwa mwenyewe hakuwa Muislamu. Lau watu wangalimwua kwa tuhuma, aya zingalimkuta kaburini.

AMRI YA MKUBWA

Askari wengi husema, «Mimi ni mtu wa kuamrishwa.» Na kweli, askari asiyetii hana faida. Lakini utii una mpaka. Baada ya kufunguliwa Makka, katika mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alimtuma Khalid bin Walid (R.A.) kwa watu wa Bani Jadhima. Wale watu hawakujua kutamka vizuri neno la kusilimu, wakatamka jingine, na Khalid akaamrisha kila mtu amwue mateka wake. Abdullah bin Umar (R.A.) akaapa kwamba hatamwua mateka wake, wala mwenziwe yeyote hatamwua wake. Waliporudi, Mtume aliinua mikono yake, akajitoa mara mbili mbele ya Mwenyezi Mungu katika tendo alilolifanya Khalid. Hakumlaumu Ibn Umar kwa kuiasi amri. Kisha, kama walivyopokea wanachuoni wa sira, akamtuma Sayyidna Ali na mali, akawalipa wale watu dia ya kila aliyeuawa na thamani ya kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa.

Katika kisa hiki mna mambo matatu ambayo kila dola yayahitaji. Mkubwa hakuficha kosa la mtu wake, ingawa mtu wake alikuwa shujaa. Askari aliyekataa amri batili hakuadhibiwa. Na waliofiwa walilipwa kutoka hazina, hawakuambiwa waende wakasubiri. Misingi ile ya Havana nayo imesema hivyo hivyo: amri ya mkubwa si kinga kwa askari aliyejua kwamba amri ni haramu waziwazi na alikuwa na nafasi ya kuikataa.

Na mwenye kudhani kwamba wakubwa hawadaiwi kwa makosa yasiyokusudiwa na akisome kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Alimwita mwanamke mmoja kwa shauri, naye akaogopa kwa ule wito, akashikwa na uchungu njiani, akazaa mtoto asiyeishi. Baadhi ya masahaba wakamwambia Umar hana lawama, kwani yeye ni mtawala mwenye kuadibu. Sayyidna Ali akasema dia ni juu yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemtisha. Na Umar akaikubali hukumu. Hapa haikupigwa fimbo wala risasi. Ni hofu tu ya jina la serikali, na damu ikalipiwa.

SISI RAIA NAO

Haitakuwa insafu kama tutawasema askari tukajisahau wenyewe. Askari naye ni baba wa watu. Mwezi wa Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari. Na tarehe 13 Aprili 2017, huko Kibiti, askari wanane waliuawa kwa shambulio moja. Mtu anayetoka nyumbani asubuhi bila kujua kama atarudi, hofu yake ni ya kweli, nayo lazima itiwe katika mizani. Ndiyo maana sheria ikampa haki ya kujilinda.

Lakini ni nani anayeshangilia likitangazwa kwamba «majambazi watatu wameuawa»? Si sisi, barazani na sokoni? Ni nani anayechukua mawe na tairi la gari mwizi anapokamatwa? Si wana wetu? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watu wanaomchoma mtuhumiwa leo hawana uso wa kumlaumu askari kesho, kwani wote wamefanya jambo moja: wamekuwa wapelelezi, mashahidi, majaji na wanyongaji kwa saa moja. Na nchi inayoona watu wake wakipenda hukumu ya mkato itawapatia askari wa kuwakatia.

Nanyi vijana, sikilizeni. Kudai haki si dhambi. Lakini jiwe unalorusha laweza kuwa ndiyo hoja ya kumtoa lawamani aliyemwua mwenzio. Askari akikusimamisha, simama, onyesha mikono, jibu kwa adabu, uliza unakamatwa kwa kosa gani. Kukimbia si kosa la kuuawa, lakini uhai ukipotea haurudishwi na hukumu ya mahakama.

MSIBA UKIFIKA

Yafaa kila nyumba ijue la kufanya, Mungu atuepushe. Majeruhi apelekwe hospitali mara moja, na fomu ya polisi ya PF3 ifuatiliwe bila kuchelewa. Waliokuwepo waandike walichokiona siku ile ile: saa, mahali, maneno yaliyosemwa, kama onyo lilitolewa au la. Picha zihifadhiwe, zisichezewe.

Akiwa amekufa, hapa ndipo penye mtihani kwetu Waislamu. Sunna ni kuharakisha kuzika, na mioyo yetu huona vigumu maiti kupasuliwa, kwani heshima ya maiti ni kama ya aliye hai. Lakini maiti akizikwa na risasi mwilini bila ya daktari kuandika neno, ushahidi nao umezikwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makka lilitazama jambo hili mwaka 1987, likaruhusu uchunguzi wa maiti inapohitajiwa kujua sababu ya kifo katika jinai, kwa kiasi cha dharura tu. Basi wenye msiba wasikatae. Waombe ufanywe upesi, na kwa heshima, na kama inawezekana awepo daktari wanayemwamini.

Kisha ipo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, ambayo kwayo hakimu anayeitwa korona huchunguza kifo kisicho cha kawaida. Na jamaa wauombe uchunguzi huo kwa barua. Malalamiko yaweza kupelekwa pia kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekwa na Katiba. Anayetaka kuidai Serikali fidia lazima aipe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, kwa hivyo asikae akangoja. Asiye na uwezo wa wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wasaidizi wa sheria katika wilaya. Na msikiti, ndugu zetu, si mahali pa kusomea hitima tu. Wazee wa msikiti waandamane na wafiwa mpaka ofisini, kwani mjane akienda peke yake huambiwa arudi kesho.

Na kwa wenye mamlaka twasema hili. Kenya, jirani yetu, tangu mwaka 2011 imeweka chombo cha kuchunguza polisi kisicho chini ya polisi. Hapa Tanzania, tume ya haki jinai iliyoongozwa na huyo huyo Jaji Othman ilitoa taarifa yake mwaka 2023, ikapendekeza kuwa Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa la utoaji wa huduma. Polisi kuwachunguza polisi wenzao ni kumpa mvuvi kazi ya kumhukumu mvuvi mwenziwe kwa samaki waliopotea. Hata akihukumu kwa haki, watu hawatamwamini.

Kwa ndugu zetu Waislamu waliovaa sare, na wao ni wengi, twawakumbusha ya kwamba sare huvuliwa jioni, na sanda haina mfuko wa kuwekea barua ya amri. Siku ya Kiyama jambo la kwanza kuhukumiwa baina ya watu ni damu. Mwenye kushika bunduki na ajue daraja za ngazi, apande moja moja, na akiweza kushuka bila ya kufika juu, huyo ndiye shujaa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa kwa kudhulumiwa, awape subira waliofiwa, awaongoze wenye kutuongoza, na aijaalie nchi yetu amani iliyosimama juu ya haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.